Kadi ya Pamela na Papai la Kiapo

Papai lilikuwa limekaa mezani peke yake, juu ya sinia, kama mgeni wa heshima aliyefika kabla wenyeji hawajaoga. Lilikuwa kubwa, upande mmoja limeshaiva, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Hata nzi walilizunguka kwa adabu.

Sajini Nduku alilitazama, akavuta kiti akaketi mbali nalo kidogo.

"Hodi nimeshapiga," alisema. "Sasa nani ataniambia nani kaiba nini?"

Alikuwa amestaafu upelelezi zamani, lakini Muyeye nzima bado ilimwita Sajini. Kwao ni Ukambani. Alihamishiwa Malindi kikazi, akaja na sanduku moja, na alipoambiwa arudi bara alisema sanduku limepotea. Watu husema aliwahi kumfanya mwizi wa mbuzi akiri kosa kwa kumhoji mbuzi. Hilo si kweli. Alimhoji mwizi, mbuzi alikuwapo kama shahidi tu, na alijibu maswali mawili. Alipostaafu alinunua laptopu kuukuu, akaitia mfumo wa Linux kwa kufuata maelezo ya mtandaoni, wakagombana nayo masika yote hata jirani akaja kuwaamua. Tangu hapo, mashine ya mtu ikigoma mtaani, aliitwa yeye. Naye aliziendea mashine kama alivyowaendea washukiwa: hakuamini la kwanza aliloambiwa, wala hakuinua mkono kabla ya kuuliza.

Asubuhi hiyo barazani walikuwa watatu. Pamela, mwenye nyumba, ambaye kazi yake ni kuchora majengo kwenye kompyuta hata ukidhani unaweza kuingia ndani ukaegemea ukuta. Mzee Baya, kaka mkubwa wa marehemu babake Pamela, aliyeshuka kutoka Ganda alfajiri na papai ndani ya kikapu. Na Mangi, fundi wa kompyuta, ambaye hakupewa kiti. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia magotini.

"Mwizi ni huyo," alisema Mzee Baya, akielekeza kwa bakora. "Kilichoibwa ni kadi. Adhuhuri ikiadhiniwa tunaondoka naye kwenda Ganda, mganga anatungoja. Atakula kiraho."

Kiraho ni kile kiapo cha kale cha Wagiriama. Papai husomewa maneno, mshukiwa hulishwa kipande mbele ya watu, na wote hukaa kumtazama mdomo. Asiye na hatia humeza akaenda zake. Mwenye hatia, wasema wazee, midomo humvimba hata akashindwa kusema uongo mwingine.

"Mganga hana mapapai yake?" aliuliza Sajini.

"Anayo. Lakini hili langu naujua mti wake."

"Nitalila, Baba," alisema Mangi kutoka ngazini.

"Mimi si babako."

"Nitalila, Mzee. Mdomo wangu siuhofii." Mangi aligeuzageuza kofia. "Lakini jambo moja mlijue. Mwezi ujao watu wa kwetu walikuwa waje kwako na kibuyu cha mnazi wa kunywa, kumposa Pamela. Nikishalishwa papai la mwizi na nyumba hii, hawaji. Sirudi kuomba mke mahali nilipoapishwa."

Pamela aliinuka akaingia ndani, akatoka na birika ambalo hakuna aliyeliomba.

"Baba mkubwa hasikii," alisema huku akimimina. "Nimemwambia Mangi hawezi kuniibia. Ananiambia ndivyo wanavyosema wote waliokwisha kuibiwa."

"Na wewe unaamini nini, mwanangu?" aliuliza Sajini.

Pamela aliweka kikombe mbele ya Sajini, akakisogeza, akakisogeza tena.

"Naamini kadi haipo," alisema hatimaye. "Hilo ndilo linaloniumiza, mama. Ilikuwapo kabla hajaichukua mashine, na sasa haipo."

Mangi hakuinua kichwa.

"Basi tuanzie hapo," alisema Sajini Nduku. "Nieleze taratibu. Nieleze kama kwamba mimi sijui kompyuta, maana Mzee naye yupo."

Pamela akaeleza. Laptopu yake ina kadi mbili za picha. Moja ndogo, imo ndani ya bongo la mashine, kazi yake ni mambo mepesi: barua, sinema, kupekua mtandao. Ya pili ni kubwa, imenunuliwa pamoja na mashine kwa ajili ya michoro mizito.

"Kama wapishi wawili," alisema. "Mmoja wa chai, mmoja wa pilau ya harusi."

"Na aliyepotea ni wa pilau."

"Huyo huyo. Mashine ilikuwa inachemka sana na kuvuma kama ya kusagia mahindi. Nikampa Mangi aisafishe vumbi na chumvi. Kalala nayo, kesho yake kairudisha. Safi, baridi, kimya. Nikafurahi. Nikafungua mchoro wa hoteli ya Kikambala, programu ikaniambia kadi kubwa haioni. Kilichokuwa kinanichukua muda wa kunywa chai sasa kinanichukua tangu asubuhi hadi naitwa kula chakula cha jioni, na bado picha ina chengachenga kama uji wa mtama."

"Nani alikuwekea Linux?"

"Easter, tuliyesoma naye chuoni. Mwanzo ilimsumbua. Akaingia kwenye zile skrini za kuwashia mashine akazima kitu fulani, akasema nisiulize. Sikuuliza."

"Hmm," alisema Sajini, akanywa chai. "Mzee wangu, ushahidi wako?"

Mzee Baya alijiweka sawa. Ilionekana ameupanga tangu Ganda.

"La kwanza, kaifungua mashine peke yake, na bisibisi, mlango umefungwa. La pili, imerudi baridi kama maiti; kitu kikitolewa roho hupoa. La tatu, imerudi imechanganyikiwa akili. Nilikuwapo hapa siku iliporudishwa ikawashwa. Ikasema ni Januari. Januari, mwezi wa saba huu, mahindi nimevuna kwa mikono yangu. Mashine iliyoachwa salama haisemi hivyo. La nne." Aliinua bakora. "Kadi yenyewe nimeiona. Iko kwenye kabati la kioo dukani kwake, haikufichwa hata kwa gazeti."

Mangi aliinua kichwa. "Ile si—"

"Utasema ukiulizwa," alisema Sajini. Alimaliza chai yake yote, akafunika kikombe. "Twendeni tukaione."

Katika hayo manne, lililopiga kelele zaidi ndilo la nne, na Sajini Nduku alikuwa na desturi ya kuanza na lenye kelele. Likinyamaza, yale mengine husikika vizuri.

*

Duka la Mangi lilikuwa mtaa wa pili, mkabala na mama wa maandazi ambaye, alipoona Mzee Baya kaongoza msafara na bakora mbele, aliacha andazi likaungua. Kabati la kioo lilikuwa mlangoni. Ndani yake mlikuwa na chaja, vipanya vya kompyuta, na katikati, kama jogoo baina ya vifaranga, kadi nyeusi yenye mapangaboi mawili.

"Hiyo hapo," alisema Mzee Baya. "Niliuliza mtu akaniambia hiyo ni kadi ya picha. Sikubuni."

"Hukubuni," alisema Sajini. "Ni kadi ya picha kweli. Mangi, fungua kabati, kisha uondoke karibu nalo."

Mangi akafungua. Sajini hakuichukua kadi kwanza. Aliinama akaitazama mahali ilipokaa, kisha akainyanyua polepole kwa ncha za vidole. Chini yake palikuwa na alama ya mstatili, safi, na pembeni mwa alama hiyo vumbi lilikuwa limelala nene kama limepakwa kwa mwiko.

"Mzee, hebu njoo. Unaona nini?"

"Uchafu wa fundi."

"Na pale katikati?"

"Pasafi."

"Vumbi hili la Muyeye ni jingi, lakini halilali hivi kwa wiki moja. Kadi hii imekaa hapa tangu kabla ya mfungo. Laptopu ya Pamela ililetwa juzi juzi tu."

"Anaweza kuwa alilipanga vumbi."

"Anaweza," alikubali Sajini. "Pamela, lete laptopu."

Pamela alikuwa ameibeba kwenye mkoba. Sajini akaiweka juu ya meza, akailaza kadi juu yake. Laptopu ilikuwa nyembamba kama sinia la papai. Kadi ilikuwa nene kama tofali, na urefu wake ukapita ukingo.

"Ng'ombe wako mkubwa kule Ganda, Mzee, anaingia kwenye mkoba huu wa Pamela?"

Mzee Baya aliupima mkoba kwa macho. "Haingii."

"Basi na hii."

"Akichinjwa angeingia mguu."

Mama wa maandazi, aliyekuwa amevuka barabara bila kujijua, alicheka. Sajini hakucheka, ila alimheshimu mzee kwa jibu hilo. Alikuwa amewahi kukutana na mawakili wasioliweza.

"Sawa. Tazama basi. Mapangaboi haya yote yapo, skrubu zote zipo, hakuna mguu uliokatwa. Hii ni ya kompyuta kubwa ya mezani. Ni ya nani, Mangi?"

"Ya mteja wa Kikambala. Aliileta, sikuiweza, hajaifuata."

"Umemsikia. Na kadi ya laptopu, Mzee, haikai na mapangaboi yake hivi. Imeunganishwa kwenye ubao wenyewe kwa risasi ya kuyeyushwa, kama kidole na kiganja. Kuitoa si kazi ya bisibisi. Ni upasuaji, na kovu lake halifichiki."

Alisema hayo huku macho yake yakitembea mezani pa Mangi. Palikuwa na chupa ya spiriti, mswaki mkuukuu, kibao cha sumaku chenye skrubu zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Ukutani juu ya meza palikuwa na alama nyeusi ya kuungua, na chini ya alama hiyo, kwa kalamu nene, maneno: ZIMA KILA CHENYE MOTO.

"Nani kaandika?"

"Mimi. Ni sheria ya fundi aliyenifunza Kilifi. Huku pwani chumvi inashika vyuma, lazima uoshe kwa spiriti, na spiriti na umeme havikai meza moja. Ile alama ndiyo siku niliyoisahau."

"Na laptopu ya Pamela uliiosha kwa sheria hii?"

"Kwa sheria hii hii."

Sajini akasoma tena yale maneno, mdomo ukichezacheza bila sauti. Kisha akairudisha kadi ndani ya mstatili wake, sawasawa kabisa, akafunga kabati.

"Turudi nyumbani," alisema. "Papai liko peke yake."

*

Barazani Sajini aliomba meza. Sinia la papai likasogezwa, laptopu ikakaa kando yake, na Mzee Baya akakaa nyuma ya bega la Sajini mahali ambapo hata kope ya mashine isingempita.

"Kwanza gwaride la utambulisho," alisema Sajini. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika neno moja fupi, lspci. Mistari ikamiminika. "Hapa mashine inaorodhesha kila kiungo kilichomo mwilini mwake. Pamela, soma hapa na hapa."

Pamela aliinama. Akasoma wa kwanza, jina la kadi ndogo. Akasoma wa pili, akaurudia kwa kidole.

"Hii ndiyo kadi yangu. Ile kubwa. Jina lake hili."

Mangi alisimama kutoka ngazini.

"Kaa," alisema Mzee Baya. Kisha kwa Sajini: "Jina kwenye orodha si mtu. Shangazi yangu tumemzika, na bado yumo kwenye daftari la wapiga kura. Nasikia uchaguzi uliopita alipiga."

"Maneno yako yana uzito, Mzee. Lakini daftari lile linaandikwa na mtu, na mtu huandika atakavyo. Hili linaandikwa upya kila mashine inapowashwa, kwa kuita na kuitikiwa. Kadi imeitwa asubuhi hii, imeitika asubuhi hii. Shangazi angeitika?"

Mzee Baya alifikiri kwa haki. "Hapana. Alikuwa haitiki hata alipokuwa hai."

"Basi wizi umekwisha. Kadi haijatoka katika mashine hii."

"Kama hakuiiba, kaiua," alisema Mzee Baya, wala hakuchukua pumzi. "Imo, lakini haifanyi kazi. Mtu kumuua mtu ndani ya nyumba yake si afadhali kuliko kumwiba."

Hapo Mangi ndipo alipoonekana kuogopa. Alipoitwa mwizi alikaa wima. Sasa mabega yalishuka.

"Huenda," alisema taratibu. "Niliosha kwa spiriti, Sajini. Nilikausha juani, lakini huenda tone lilibaki. Kama nimeiunguza, basi ni mimi. Sikuiba, lakini hilo siwezi kuliapia."

Pamela alimtazama. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza kama nimeharibu. Uliniuliza kama nimechukua."

"Tulieni," alisema Sajini. "Mtu aliyekufa haitiki jina, nimeshasema. Mpishi yuko hai, yuko jikoni. Swali ni kwa nini hapiki. Kadi kubwa haifanyi kazi bila programu ya kuiendesha, wenyewe huiita dereva. Sasa namwita dereva, naye aseme yuko wapi."

Aliandika amri nyingine, ya kumwingiza dereva kwa mkono. Mashine haikungoja. Ilitupa mstari mmoja tu, mkavu. Sajini akausoma kimya, kisha akawasomea wenziwe kwa Kiswahili: ufunguo umekataliwa.

"Ufunguo gani?" aliuliza Pamela. "Sikuweka ufunguo wowote."

"Ndiyo." Sajini aligeuza kiti chake kikaelekea ngazini. "Mangi. Ulipoifungua mashine hii ulitoa nini?"

"Sikutoa kitu."

"Feni?"

"Feni nilichomoa, nikaisafisha, nikairudisha."

"Kwa hiyo ulitoa feni."

"Niliirudisha, Sajini."

"Sikukuuliza ulirudisha nini. Nini kingine ulichomoa?"

"Betri."

"Ipi?"

"Zote. Sheria ni zima kila chenye moto."

"Zote ni ngapi?"

Mangi alitazama kofia yake. "Ile kubwa. Na ile ndogo ya mviringo, kama kitufe cha koti. Wengi hawaigusi. Mimi huichomoa nikailaza pembeni hadi mashine ikauke, kisha nairudisha pale pale. Lakini ile si kitu, Sajini. Ni ya saa tu."

"Ni ya saa tu," alirudia Sajini Nduku, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitabasamu. Akamgeukia Mzee Baya. "Mzee wangu, nina deni la kukushukuru. Ulisema mashine ilirudi inasema Januari."

"Ilisema. Nina macho. Pamela alipoiunga na mtandao wa simu ikajirekebisha, ikaona haya."

"Ushahidi wako wa tatu ndio ulioifungua kesi hii, nami niliupita makusudi ili usichafuke. Ile betri ya mviringo hulisha saa ya mashine ikiwa imezimwa. Mangi aliichomoa, mashine ikasahau tarehe, ikarudi Januari ya kiwandani. Lakini mashine ikisahau tarehe, husahau na maagizo. Pamela, Easter alizima nini?"

Pamela alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. "Sijui jina lake. Alisema asipokizima, dereva hatapita."

"Kinaitwa Secure Boot. Ni mlinzi wa getini. Kazi yake ni kuzuia kila programu isiyo na ufunguo anaoutambua, asiingie mwizi mashine inapowaka. Kiwandani huwa kazini. Easter akampa likizo, dereva wako akawa anaingia na kutoka kama kwake. Mangi alipochomoa kitufe, maagizo ya Easter yakafutika na mlinzi akarudi kazini. Dereva amefika na ufunguo wake, mlinzi hamjui, amemkataa. Na mpishi amekaa jikoni anangoja mchele usioletwa, ndiyo sababu mashine ni baridi."

Nzi mmoja alitua juu ya papai, akajirudi.

"Hayo ni maneno," alisema Mzee Baya, lakini bakora ilikuwa imelazwa chini. "Maneno hata mganga anayo."

"Kweli. Basi tumuulize mlinzi mwenyewe yuko kazini au likizoni." Aliandika amri fupi. Jibu likaja, maneno mawili. "Yuko kazini."

"Kwa hiyo azimwe tena," alisema Pamela.

"Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa polisi, mwanangu. Siwezi kushauri mlinzi afukuzwe. Tumtambulishe dereva kwake, tuandikishe ufunguo wake, tusikutane na haya tena. Kunahitajika neno la siri, litumike leo tu. Mzee, andika wewe. Usije ukasema tumepanga vumbi."

Mzee Baya alivaa miwani yake. Aliandika kwa kidole kimoja, akiificha mikono kwa kanzu, akitafuta kila herufi kama mtu anayechagua pweza sokoni. Akaandika tena kuthibitisha, kama alivyoombwa. Sajini akazima mashine akaiwasha.

Skrini ikawa buluu yote.

"Imekufa," alisema Pamela.

"Haijafa. Inauliza, na haina subira." Sajini alibonyeza kitufe upesi. "Wengi hufika hapa wakaogopa, wakaiacha ipite, na ikipita ni kuanza upya." Alishuka hadi kwenye mstari wa kuandikisha ufunguo, akakubali, akakubali tena. "Mzee, neno lako."

Hapo ndipo adhana ya adhuhuri ilipoanza, kutoka msikiti wa karibu, kisha wa mbali.

"Wakati umefika," alisema Mzee Baya, bila kuinua macho. Akaandika. Mashine ikakataa.

"Umekosea," alisema Pamela.

"Sijakosea. Ni jina la ng'ombe wangu, nitalikosea vipi?"

"Uliliandika kwa herufi kubwa?"

Mzee Baya alifikiri. Adhana ikaendelea. Mangi alikuwa amesimama nyuma yao sasa, na hakuna aliyemwambia akae.

"Ng'ombe wangu namheshimu," alisema Mzee Baya hatimaye. "Nililianza kwa herufi kubwa."

Akaandika tena, polepole, akibonyeza kwa nguvu. Skrini ya buluu ikaondoka. Mashine ikazimika, ikawaka, ikafika kwenye picha ya mbele. Sajini akafungua dirisha jeusi, akaandika amri ya kuiuliza kadi hali yake. Jedwali likatokea: jina la kadi, joto lake, kumbukumbu yake, na dereva akiwa kazini.

"Pamela, fungua Kikambala."

Pamela akafungua mchoro wa hoteli, akaiambia programu itumie kadi kubwa. Safari hii jina lake lilikuwapo kwenye orodha, likasubiri kuchaguliwa. Akalichagua. Kwa pumzi moja hakukuwa na kitu. Kisha, kutoka chini ya mashine, feni ikaanza kuvuma, kwanza kama mbu, kisha kama jirani anayeota. Chengachenga zikapungua kwenye ukuta wa hoteli, zikapungua kwenye paa la makuti, na bwawa la kuogelea likajaa maji hadi ukaona kivuli cha mnazi ndani yake.

Mzee Baya aliweka kiganja juu ya kibodi, akakiacha hapo.

"Ina joto," alisema.

Pamela hakuwa anaitazama hoteli. "Mangi," alisema, "nilikuuliza vibaya."

"Nami nilijibu vibaya. Kuanzia leo nikichomoa kitu, nitasema, hata kama nimekirudisha."

"Uandike ukutani," alisema Sajini, "chini ya ile nyingine." Alifunga dirisha lake jeusi, akavuta sinia karibu. "Hili papai, Mzee, lilikuwa limeshasomewa?"

"Bado. Ni papai tu, la mti wa nyuma ya nyumba."

"Basi Pamela, kisu."

Pamela akaleta kisu na sahani. Papai lilipokatwa, ndani lilikuwa jekundu, mbegu zimelowa zinang'aa. Sajini akakata vipande vinne, akamsogezea Mzee Baya cha kwanza, maana ndiye mwenye mti. Mzee akakipokea, akakiuma, akatafuna.

Wote watatu walikuwa wanamtazama mdomo.

Alitafuna polepole kuliko inavyohitaji papai bivu. Akameza. Akajipangusa kwa kiganja, juu, chini, akaishika midomo yote miwili kana kwamba anaikagua.

"Mnatazama nini?" alisema.

"Hakuna kitu, Baba mkubwa," alisema Pamela.

"Mimi niliona Januari kwa macho yangu. Sikusema uongo."

"Hakuna aliyesema," alisema Mangi. "Limeiva, Mzee?"

Mzee Baya alichukua kipande cha pili, akakitazama, akamnyooshea fundi kwa mkono wa kulia.

"Onja mwenyewe. Na mwambie babako," alisema, "mwezi ujao mnazi asininunulie wa jana. Nitaujua."